Sabato Iliponikuta Nikicheza Salsa

Jumamosi, jua limeshazama. Homa Bay. Joto la kukosa pumzi, na ziwa halina upepo hata kidogo.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Waya, dada yake baba ninayeishi kwake. Jana jua lilizama nikiwa kwenye ua wa hoteli moja kando ya ziwa, nimeshikana mikono na mtu, nacheza salsa.

Kwa wengine hilo si kitu. Kwetu Sabato inaingia Ijumaa jua linapozama. Kufikia saa hiyo chakula kimeshapikwa, nguo zimeshapigwa pasi, redio imezimwa, na watu wa nyumba wamekaa pamoja wakiimba na kuomba. Baba yangu ni mzee wa kanisa kule Magunga. Sikumbuki Ijumaa hata moja ya maisha yangu ambayo jua lilizama nikiwa mahali pengine.

Isipokuwa jana.



Niwaeleze nilivyofika pale. Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana na ninangoja kuingia chuo cha uuguzi hapa mjini. Baba hakutaka. Alisema mji una mambo mengi, na msichana mkimya kama mimi ndiye anayepotea watu wakidhani ametulia. Waya alimbembeleza hadi akakubali niishi hapa kwake. Alikubali kwa sharti, akaniambia mbele ya mama: "Siku nitakayosikia neno moja tu juu yako, unarudi nyumbani, na chuo tunafunga hayo maneno."

Neno moja tu. Baba hajawahi kusema kitu akakosa kukifanya.

Waya anauza samaki. Ijumaa mchana mimi ndiye napeleka ngege katika hoteli ile, nao wapishi wanawapima, kisha narudi na karai tupu. Wiki ya kwanza nilipotoka jikoni nilisikia muziki. Nyuma ya hoteli kuna sakafu ya saruji karibu na maji, na hapo palikuwa na watu wamesimama wawili wawili: manesi, walimu, watu wa ofisini, nadhani. Mbele yao alikuwepo kijana ambaye wote humwita Kocha. Alifanya kazi katika hoteli za Mombasa miaka mingi, akajifunza kule salsa kwa wageni, sasa amerudi nyumbani anafundisha.

Nilisimama kando ya ukuta. Nilitaka kuangalia tu.

"Dada wa samaki!" Kocha akaita. "Karai haichezi. Weka chini uje."

Mimi ni mtu ambaye darasani nilijua jibu na bado sikuinua mkono. Nikiitwa jina mbele ya watu masikio yananiwaka. Sasa sijui nani aliweka lile karai chini. Lazima iwe ni mimi, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine mwenye karai.

Nimerudi kila Ijumaa tangu hapo. Nikimaliza jikoni nasugua mikono kwa limau ili isinuke samaki, naenda kwenye sakafu. Waya akiuliza kwa nini nimechelewa, nasema wapishi walichelewa kupima. Ni uongo. Najua kuandika hivyo hapa hakunisaidii.

Nilichokiona kigumu zaidi ni mguu. Vijana wa kanisa letu tunapiga gwaride, na katika gwaride mguu wa kwanza ni wa kushoto, siku zote, hata ukiamshwa usingizini. Katika salsa mwanamume anaanza na kushoto kwenda mbele, mwanamke anaanza na kulia kurudi nyuma. Mimi muziki ukianza, kushoto kwangu kunatoka kwenyewe, na goti linainuka. Kila mtu niliyecheza naye nilimgonga.

"Hapa si uwanjani siku ya sherehe!" Kocha alikuwa akipiga kelele. "Unasalimia rais ama unacheza? Shusha goti, siz!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na nilishangaa, kwa maana kwa kawaida ningelia.

Nilipenda. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Kama nisingependa ningeacha, na leo nisingekuwa na kitu cha kuandika.

Sasa jana.

Kawaida darasa huisha mapema, na mimi hufika nyumbani jua bado liko juu ya ziwa. Jana spika ilikataa kuwaka. Kocha alihangaika na nyaya muda mrefu. Nilipaswa kuondoka. Nilijiambia nitacheza kidogo tu kisha niende, na spika ilipowaka, alitupanga duara. Wanawake tunabaki tulipo, wanaume wanazunguka. Kocha akisema "Badilisha!" kila mwanamume anamwacha aliyekuwa naye na kusogea kwa anayefuata.

Wanaume huwa wachache, kwa hiyo wanawake warefu hufanywa wanaume. Jana alikuja mama mmoja mgeni, amechelewa, mrefu, amevaa suruali nyeusi na kofia pana ya jua. Kocha alimpokea upande wa pili wa duara akampa nafasi ya mwanamume. Sikumwangalia sana. Kisha aligeuka, nikauona mgongo wake ulivyonyooka.

Hakuna mtu mwingine katika mji huu anayesimama hivyo.

Nitamwita Mama Risper. Si jina lake, na nimebadilisha mengine mawili matatu pia. Ni shemasi wa kanisa letu la hapa mjini, mjane. Ndiye anayesimama mlangoni akiangalia urefu wa sketi za wasichana. Suruali kwa msichana ameikataza tangu nilipoanza kuja kwa Waya wakati wa likizo za shule. Na ndiye anayetufundisha gwaride. Kushoto kwangu nilipewa na yeye.

Nilitaka kukimbia. Lakini ukitoka katika duara kila mtu anageuka kukutazama, na angenitazama na yeye. Nikabaki. Niliinamisha kichwa nikacheza na nesi mmoja, kisha na mwalimu fulani mwenye jasho jingi. "Badilisha!" Mama Risper akasogea. "Badilisha!" Akasogea tena. Alikuwa anaangalia miguu yake, anahesabu kwa midomo kama mtoto anayejifunza kusoma. Alikuwa bado hajaniona. Jua lilikuwa limefika pale linapokuwa kubwa na jekundu na unaweza kulitazama bila kufumba macho. Nilimwomba Mungu, nikaona aibu kumwomba kutoka mahali pale.

"Badilisha!"

Viatu vyake vikasimama mbele ya viatu vyangu. Akainua uso.

Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa vile. Nilidhani nitaona hasira.

"Mshike mkono, Mama!" Kocha akamwambia kwa mbali. "Hana umeme huyo!"

Watu wakacheka, muziki ukaanza, naye akanishika. Viganja vyake vilikuwa vimelowa kuliko vyangu. Nikaanza na kushoto. Magoti yetu yakagongana kwa nguvu. Nikaanza tena, na kushoto tena, kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alikuwa yeye, na mbele yake mwili wangu haujui kitu kingine.

"Kulia, nyathina," akaniambia polepole. Mtoto wangu. "Huku mwanamke anaanza na kulia."

Nikaanza na kulia. Kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo hayo sikumgonga mtu. Tulikwenda na kurudi, tukageuka, sisi wawili hatuangaliani. Kisha alitazama ziwani nyuma ya bega langu, nami nikageuza kichwa. Jua lilikuwa limekwenda.

Kwetu saa hiyo watu husalimiana. Ni mazoea ya tangu utotoni, mdomo hausubiri ruhusa.

"Sabato njema," Mama Risper akasema.

"Sabato njema, Mama," nikajibu.

Muziki ulikuwa bado unalia. Aliachia mikono yangu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akachukua mkoba wake, akapita kwenye lango la upande bila kumuaga mtu. Nami nikachukua karai langu nikakimbia hadi nyumbani.

Waya alikuwa ameshaanza kuomba. Sikulala.

Leo kanisani nilikaa nyuma kabisa. Mama Risper alikuwa mlangoni, mavazi meupe, uso ule wa siku zote. Alinipa mkono kama alivyowapa wengine. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa naangalia kila mtu anayemnong'oneza mwenzake na kufikiri, ndiyo hiyo, imeanza, kesho itafika Magunga.

Mchana tulikuwa na gwaride. Alipita mbele ya mstari akikagua, akasimama kwangu.

"Wewe. Ukimaliza, baki."

"Umekwisha leo," msichana aliye kando yangu alinong'ona. "Ulimkosea nini huyu askari?"

Nilitazama mbele tu kama gwaride linavyotaka.

Wenzangu walipoondoka alinipeleka nyuma ya tangi la maji. Nilijua atasema atamwambia baba, na nilikuwa nimeshaandaa machozi. Lakini alikaa juu ya jiwe, akavua viatu.

"Umemwambia Waya wako?"

"Hapana, Mama."

"Nilikuwa nataka kutoka kabla ya jua," alisema. "Hata gari la kunirudisha nyumbani nilikuwa nimeshatafuta. Hiyo spika." Kisha akasema mumewe alikuwa mchezaji rumba hodari kabla hawajaokoka, na walipookoka waliacha, na hakuwahi kujuta. "Lakini tangu nimzike, watu wananishika mkono wa pole tu. Nilisikia kuna mahali watu wanashikana mikono bila mtu kufa."

Ningekuwa mtu mwingine ningemkumbatia. Nilisimama tu, nikiangalia nyayo zake.

Nilimuuliza kama tutasema hatukuwepo. Alinitazama vibaya, ule uso wa mlangoni ukarudi.

"Ukiulizwa, usidanganye. Sitaki mtoto wa watu adanganye kwa ajili yangu. Mimi nikiulizwa nitasema, na hiyo kazi ya shemasi wachukue." Alivaa viatu. Alipokuwa anafunga kamba akasema, bila kuinua kichwa, kwamba Kocha ana darasa lingine Jumapili alasiri. Hakusema niende. Hakusema nisiende. Aliondoka mgongo umenyooka, na aliyemwona akitoka pale alidhani nimetoka kukaripiwa.

Mpaka jana nilikuwa na siri yangu, na nilidhani ni nzito. Sasa nimebeba na ya mtu mzima, mtu ambaye ana mengi ya kupoteza kuliko mimi, na ambaye hakuniomba hata niitunze. Angeniomba ingekuwa rahisi. Ningesema ndiyo na kumlaumu baadaye.

Waya alituona kule nyuma ya tangi. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniuliza Mama Risper alikuwa anataka nini. Nilisema kichwa kinaniuma. Akasema sawa, anaenda kumwona jirani aliyelazwa, lakini akirudi nitamwambia, kwa sababu Mama Risper habakishi mtu nyuma bure.

Kwa hiyo naandika huku nasikiliza lango.

Nimefikiria uongo kadhaa. Sketi. Kukosa hatua. Kuchelewa ibada. Wote unaweza kupita, Waya ananiamini. Na ndiyo maana siwezi. Nimechoka kusema wapishi walichelewa kupima.

Nitamwambia yangu. Nitasema, Waya, mimi nacheza salsa kule hotelini, na jana Sabato ilinikuta huko. Huenda akapiga simu Magunga hata kabla hajavua viatu. Huenda Jumatatu nikawa nalima kwa baba, na chuo kikawa kitu nilichowahi kukitaka. Nitamwambia hata hivyo. Akiuliza nilikuwa na nani, nitasema, Waya, hilo si langu kulisema. Sijawahi kumwambia mtu mzima maneno kama hayo. Sijui kama mdomo wangu utaweza.

Wewe unayesoma, kama unatoka huku kwetu na unahisi umemjua yule mama mrefu, nakuomba. Yangu unaweza kuisimulia, kesho itakuwa imeshajulikana. Ya kwake usimwambie mtu. Wala usimwambie yeye kwamba unajua. Ukikutana naye mpe mkono tu, na usiharakishe kuuachia.

Lango limelia.