Nambari ya Kafili

Ijumaa, 27 Septemba 2013

Nehemiah ameondoka. Miaka tisa Jeddah, sita kati yake akiwa kocha wetu, na leo alasiri alikaa kwenye benchi na viatu vya safari miguuni. Figo. Daktari amemwambia akapumzike kwao. Aliwaaga wachezaji mmoja mmoja, kisha filimbi akanipa mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu ndimi katibu wa timu, akasema, na kwa sababu sijawahi kupoteza kitu.

Ni kweli. Rejista ya geti la pili haina nafasi hata moja iliyoachwa wazi tangu nipewe zamu pale. Jina, kitambulisho, saa, sababu ya kuja. Wenzangu hunicheka — ati Onesmus hata paka akipita atamwandika. Acha wacheke.

Mudiri, mkuu wa michezo wa chuo, naye alikuja kumuaga. Akatupa habari. Chuo kinataka timu ya wafanyakazi ipate kocha mpya kabla ya kombe, na safari hii kocha ataandikwa kazi na mkandarasi wa chuo. Kwenye karatasi atakuwa mtu wa usafi, lakini ikama, kibali chake cha kukaa, itakuwa halali, chini ya kafili mpya, yaani mwajiri mdhamini. Mchague wenyewe, akasema, fomu nitaipeleka mimi.

Nilimwona Timothy akiinua kichwa.

Jumapili, 29 Septemba 2013

Wagombea ni wawili.

Absalom, mkuu wetu wa walinzi. Bosi wangu. Karatasi zake safi, sauti anayo, mpira anaujua wa kutazama kwenye televisheni. Tayari amechapisha sheria za timu, ishirini na mbili, mpaka ya kukata kucha.

Na Timothy. Yeye si mfanyakazi wa chuo. Huja Ijumaa tu kutoka mtaa wa Kandara, hapa hapa Jeddah, anakolala chumba kimoja na watu saba, na siku nyingine zote hubeba marobota sokoni Balad. Kwetu Kenya alikuwa mwalimu wa michezo, akafundisha timu ya chuo cha ualimu miaka minne. Alikuja huku kama dereva. Gari hakuliona. Kafili wake wa Riyadh alimpeleka shamba moja nje ya mji kuchunga mbuzi, peke yake, miezi minane. Siku moja akatembea mpaka barabara kuu. Kafili akamwandikia huruubu, yaani mtoro. Askari akikukuta na neno hilo kwenye kompyuta yao huna la kusema.

Sasa kuna msamaha wa serikali, mwisho tarehe tatu Novemba. Ukipata kafili mpya kabla ya siku hiyo unasafishwa, na ruhusa ya yule wa zamani haihitajiki. Usipopata, urudi kwenu au ungoje kukamatwa. Timothy ana wasichana wawili sekondari. Kwa Absalom hii ni heshima ya ukocha. Kwa Timothy ni ikama.

Na bado ndiye anayejua mpira! Hatumchagui kwa huruma.

Ijumaa, 4 Oktoba 2013

Tumepiga kura. Ephraim wa jikoni, mzee kutuzidi wote, alisema karatasi za siri huleta maneno, tupange mlolongo kama uchaguzi wa themanini na nane kwetu. Wengine walicheka. Waliokuwa wakubwa mwaka ule hawakucheka. Wanakumbuka jinsi mistari mifupi ilivyotangazwa kuwa ndiyo mirefu. Lakini tukakubali kwa sharti moja: wagombea watazame goli, wasigeuke mpaka hesabu iishe.

Kwa hiyo Absalom na Timothy wakasimama wakitazama wavu, migongo kwetu, na sisi katikati ya uwanja tukisikilizana pumzi. Absalom ndiye anayepanga zamu zangu. Ndiye anayetia sahihi likizo yangu ya kwenda Riyadh kumwona Selipher. Mke wangu ni mfanyakazi wa ndani kule. Miaka miwili tuko nchi moja na tumeonana mara moja. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Nikaenda nikasimama nyuma ya Timothy, wa tatu.

Kumi na tisa kwa tisa.

Absalom aligeuka kabla ya muda. Alitutazama mmoja mmoja, na kwangu akakawia. Kisha akaenda kumpa Timothy mkono. "Haya, mwalimu. Ni yako."

Nikamkabidhi filimbi. Hakuipuliza. Aliishika tu, akaniuliza fomu inaenda lini.

Jumamosi, 5 Oktoba 2013

Fomu. Kurasa mbili, Kiarabu na Kiingereza. Timothy alileta nakala ya ikama yake ya zamani, imekunjwa mpaka imepasuka kwenye mikunjo. Tuliijaza getini zamu yangu ilipokwisha. Nambari kumi na moja: simu ya kafili wa sasa.

Timothy akasema, "Hapo paache wazi, Onesmus."

Nikasema sawa.

Alipoondoka nikaisoma tena toka mwanzo. Karatasi safi hivyo, na katikati nafasi moja tupu. Nimeona fomu ngapi zikirudishwa kwa kosa dogo kuliko hilo? Ya Ephraim ilirudi mara mbili kwa ajili ya tarehe. Na siku ni chache, tena katikati kuna Hija, ofisi zitafungwa. Ikirudi mara moja tu, tarehe tatu itatupita. Nyuma ya ile nakala kulikuwa na nambari ya simu kwa kalamu, na jina: Abu Fahad.

Nikaiandika. Kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nani atajisumbua kumpigia mtu wa Riyadh kwa ajili ya kocha wa wafagiaji?

Fomu iko kwa mudiri. Nimelala mchana huu usingizi mzuri.

Jumanne, 15 Oktoba 2013

Idi. Chuo kitupu. Watu wanne tu kwenye rejista siku nzima. Selipher amepiga dakika tatu — kwao wamechinja kondoo sita na yeye peke yake ndiye wa kuosha matumbo.

Hakuna neno kuhusu fomu.

Ijumaa, 25 Oktoba 2013

Tumeshinda! Mbili bila, dhidi ya timu ya ghala la bandarini iliyotufunga nne mwezi wa sita.

Lakini nataka kuandika jinsi Timothy alivyofanya. Wiki tatu hizi hatupi mpira nusu saa ya kwanza. Anatutembeza. Kumi na mmoja, uwanja mzima, kila mtu akimtazama jirani yake. Mmoja akienda, wote wanasogea. Tulinung'unika. Victor, dereva wa basi la chuo, alisema kama ni kutembea angeenda kuzunguka maduka ya Balad. Leo kila nilipoinua macho mtu alikuwa pale nilipomtaka. Nacheza beki wa kushoto tangu ujana wangu na sijawahi kucheza hivyo.

Timothy hapigi kelele. Filimbi mbili fupi maana yake njooni, basi. Baada ya mchezo alimwita Absalom, akamwomba ahesabu pasi mchezo ujao, kwa sababu ana jicho kali. Absalom alikubali. Sikuamini.

Mudiri amesema fomu imepita kwa mkandarasi. Jumapili ya tarehe tatu asubuhi Timothy ataenda kutia sahihi na kuweka alama za vidole. Siku ya mwisho kabisa, lakini ni siku. Kabla ya hapo, Ijumaa ya tarehe moja, mkandarasi mwenyewe atakuja uwanjani kumwona kocha wake.

Timothy aliposikia alikaa chini kwenye nyasi, akavua viatu. Alikaa hivyo muda mrefu.

Jumatano, 30 Oktoba 2013

Ee Mungu.

Karani wa michezo, Mmisri, mtu mwema asiye na ubaya na mtu, amekuja getini anacheka. Mabruk, kocha wenu amepata bahati! Yeye karani amepiga simu Riyadh. Halazimiki, anajua, wakati huu wa msamaha ruhusa haihitajiki, lakini nambari ilikuwa pale kwenye fomu, akaona ni adabu kumwarifu mzee. Abu Fahad amefurahi sana. Anakuja Ijumaa mwenyewe.

Nikamuuliza alisema nini kingine. Karani akafikiri kidogo. Mzee aliuliza kama Timothy bado anapenda mbuzi, akasema karani, kisha mzee akacheka. Ati kuna mbuzi walipotea siku Timothy alipoondoka.

Walipotea. Basi ni wizi. Na msamaha haugusi mtu mwenye kesi ya wizi, hilo kila mmoja Kandara analijua.

Nilimpigia Selipher wakati madam wake ameenda sokoni. Nikamweleza yote. Akasema, "Umemwambia Timothy, ama unaniambia mimi kwanza?"

Akasema mtu hatoki Riyadh mpaka Jeddah kutazama mpira. Kisha mlango ukalia kwao akakata.

Ni mimi. Si karani, si Absalom, si serikali. Aliniambia pale paache wazi, nami nikapajaza kwa sababu siwezi kuona nafasi tupu nikatulia.

Alhamisi, 31 Oktoba 2013

Nimekwenda Balad asubuhi. Nilimkuta kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya vitambaa, robota mgongoni. Nikamwambia hapo hapo, maana ningengoja alitue ningeshindwa.

Alilitua taratibu. Akaliegemea.

"Nilikwambia paache wazi."

"Uliniambia."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua. Aliuliza tu simu ilipigwa siku gani. Nikamsihi asije kesho: ajifiche Kandara mpaka Jumapili, aende moja kwa moja kwa mkandarasi. Akatikisa kichwa. Mkandarasi anakuja kesho kumwona. Asipomwona ataambiwa kocha ni Absalom, na Jumapili sahihi itakuwa ya mtu mwingine. Nikasema basi arudi Kenya, ubalozi bado unatoa karatasi. Akanitazama kama anayemtazama mtoto.

"Miaka miwili najificha, Onesmus. Watu kumi na tisa wamesimama nyuma yangu. Kesho nakuja."

Akaomba nimsaidie kuinua. Nikalishika robota upande mmoja, likapanda mgongoni, akaenda.

Nilirudi nikamweleza Absalom. Yote, pamoja na nambari kumi na moja. Nikamwomba kesho anipe ruhusa nicheze, niwe uwanjani karibu naye. Absalom alifungua karatasi ya zamu, akaandika jina langu kwenye geti la pili, saa tisa mpaka saa tatu.

"Ulijaza wewe," akasema. "Atakayefungua ni wewe."

Sijui kama ni adhabu. Inawezekana amenipa kitu.

Ijumaa, 1 Novemba 2013

Naandika kibandani, getini. Si kawaida yangu kuandika kazini.

Saa kumi kasorobo timu iliingia. Ijumaa zote huingia kwa mstari mmoja wa rejista: timu ya mpira, watu ishirini na wanane. Leo Timothy alisimama, akasema anataka mstari wake. Suti ya michezo aliyovaa ni ile aliyoiacha Nehemiah, inampwaya mabegani. Akaandika jina. Nambari ya ikama iliyokufa, tarakimu zote kumi. Saa. Kwenye sababu ya kuja akaandika: kocha. Akanirudishia kalamu, akawafuata wenzake.

Mkandarasi ameingia saa kumi na dakika tano. Mtu mnene, mchangamfu. Amekaa kivulini na mudiri.

Saa kumi na dakika ishirini, gari jeupe lenye vumbi la safari. Mzee nyuma ya usukani, ndevu zimepakwa hina. Kiti cha nyuma kijana mmoja, hakushuka, hakunisalimia. Juu ya dashibodi bahasha ya kahawia. Inaweza kuwa karatasi ya kumwachilia. Inaweza kuwa shtaka. Bahasha ni bahasha tu.

Mzee akauliza, kwa upole kabisa, "Timothy zein?" Timothy mzima? Nikasema ndiyo, mzima. Nikampa rejista dirishani. Akaandika jina, kitambulisho, saa. Sababu ya kuja akaacha wazi, akanirudishia.

Nikaiweka tena mbele yake, kidole kwenye nafasi. Mafi sababu, mafi kuingia: hakuna sababu, hakuna kuingia. Ndiyo sheria. Akasema atamwambia Timothy mwenyewe. Nikasema hapana, baba, hapa kwanza.

Sasa ameketi garini na rejista mapajani, injini inanguruma. Mimi nimeingia kibandani, naandika ili mikono ipate kazi. Absalom anaita kwenye redio. Geti la pili, kuna mtu? Ameita mara tatu. Angeweza kutembea mpaka hapa kwa dakika mbili, haji. Ananiachia.

Kutoka uwanjani, filimbi. Mbili fupi. Anawakusanya.

Mzee amenyoosha mkono dirishani, anarudisha rejista. Amejaza. Kiarabu, mwandiko wa kuunganisha, mstari mzima mpaka ukingoni. Naweza kusoma majina na tarakimu tu, hiki siwezi. Nilimlazimisha mimi, na ameandika.

Nafasi zote nne zimejaa. Ananingoja nifungue.

Kizuizi cha geti bado kiko chini.