Mikoko Iliyopandwa Kichwa Chini

Mama Saidi,

Salamu nyingi kutoka huku Likoni, nyumbani kwa binti yetu. Mimi mzima, ila hawa wanafunzi wa chuo kikuu wamenichosha! Jana walikuja ufuoni na makaratasi yao, wakatuhutubia kwamba dunia inazidi kupata joto, bahari itapanda, basi tupande mikoko izuie maji. Na wenyewe mbegu wanazichomeka kichwa chini, ncha juu! Nikawaambia, "Tokeni hapo! Mimi nimekata boriti za mikoko miaka arubaini, hakuna wa kunifunza." Nikazing'oa zote nikazipanda upya kwenye jua la utosi, kwa magoti haya haya unayoyasimanga.

Msichana mmoja, tope mpaka kisogoni, akanambia, "Shikamoo babu. Na hiyo mikoko uliyokata ilikuwa wapi?"

Nikamjibu, huko kwetu, mbele ya nyumba yangu.

"Na sasa maji yanafika wapi?"

Wallahi, kitoto kile! Nikamwambia anyamaze apande.

Sasa nisikilize. Bamvua ijayo, maji yakijaa kabisa, simama kizingitini uhesabu hatua mpaka majini. Nilipokuoa zilikuwa sitini. Hesabu mwenyewe, usimtume mtu, na ndugu yangu asijue, atanicheka mpaka Idi.

Naja na kikapu cha mbegu za mikoko. Majirani wakikuuliza, sema mumeo kakuletea zawadi ya mjini.

Mola akutunze, wewe na hicho kizingiti.

Baba Saidi