Rungu la Mwanafunzi Mwenzangu

Jumanne, Tunduma. Upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno. Mkono wangu wa kulia umefungwa bendeji. Nachapa kwa wa kushoto hapa intaneti kafe.

Leo nimemwona mwanafunzi mwenzangu akimpasua mtu kichwa.

Mimi ni msimamizi wa ghala karibu na mpaka. Sanga ni mkuu wa walinzi wa ghala hilohilo. Kila wikiendi tunakwenda pamoja Mbeya kusomea shahada ya uzamili ya uongozi wa taasisi, ile ya watu walio kazini. Jumamosi Sanga alilieleza darasa jinsi ya kumsikiliza mfanyakazi mwenye hasira. Alieleza vizuri mpaka mwalimu akapiga makofi.

Leo makuli waligoma. Juzi rundo la magunia ya mahindi lilimporomokea mwenzao likamvunja nyonga. Kiongozi wao, mzee Simbeye wa kule Ihanda, alikuja mikono mitupu getini, tulipokuwa tumesimama mimi na Sanga.

"Tunaomba kusikilizwa tu, mama," akaniambia.

Kabla sijajibu, rungu la Sanga lilimshukia. Nilisikia mfupa ukilia. Damu ikamjaa machoni. Sanga akainua tena, nikakinga kwa mkono, likanipata mimi.

Makuli wakavunja geti.

Walimwangusha Sanga, wakamshindilia mateke na mawe. Nakiri, nami niliokota jiwe. Nilitaka kumponda uso. Kisha nikamsikia, mdomo umejaa damu, anamwita mama yake. Nikalitupa kando, nikamlalia kumkinga. Mateke yakaniingia mbavuni.

"Acheni. Mama yuko chini." Ilikuwa sauti ya Simbeye, kashikilia kichwa chake kinachovuja.

Wakaacha.

Hospitali wamewalaza Sanga na Simbeye wodi moja. Sanga hawezi kufumbua macho, ila aliijua sauti yangu, akanishika kitenge.

"Dada, darasani usiwaambie."

"Nitawaambia, kaka. Na jiwe langu nitalisema."

Akageukia ukutani. Sikuondoka haraka. Nilimlowesha midomo kwa maji, kisha nikamfanyia hivyo Simbeye.

Jioni mkurugenzi wetu alipiga simu: kesho waongezwe walinzi, waje na mbwa. Nikakataa. Akasema lolote likitokea ni juu yangu.

Sijui kama huu ndio uongozi au ni ukaidi wa mtu aliyepigwa. Kesho nitafungua geti mwenyewe, nikae chini na makuli, waseme mpaka wamalize.

Naogopa. Nitakwenda hivyo hivyo.