Plaiwudi Tisa Kutoka Kiirua

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Tumepewa siku! Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano. Daktari alisema akiwa amesimama tu, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, na mimi nikashika ukingo wa kitanda nisianguke. Miezi mitano na nusu wodini. Tangu bodaboda iteleze na binti yangu Igoki pale Runyenjes mwezi wa pili, sijasikia daktari akitaja neno "nyumbani".

Nikacheka. Nikalia. Sista akaniletea kiti.

Igoki hakucheka. Aliangalia dirishani akauliza, "Nyumbani na zile ngazi, Mum?" Kisha akasema atakuwa anabebwa kama gunia kila akitaka kuota jua. Ana miaka ishirini na saba. Kabla ya ajali, saa moja asubuhi ilimkuta ameshapima maziwa ya watu hamsini pale dairy, akiwapangia foleni kwa sauti. Hata begi lake hataki kubebewa.

Nimefika hapa Karurumo nikasimama mbele ya nyumba. Ngazi tatu. Miaka thelathini nazipanda na leo ndiyo nimeziona. Chumba chake nacho — simiti imepasuka, na karibu na mlango kuna shimo la kumeza gurudumu la kile kiti cha magurudumu atakachokuja nacho.

Mume wangu Nthiga alizunguka nyumba na fimbo, anapima. Nikamwambia fimbo si tepu. Nikampigia ndugu yangu Mithika, fundi wa mbao kule kwetu Kiirua. Ana plaiwudi tisa nzito za milimita kumi na nane. Kanisa lilibadilisha mpango wa jukwaa, wakamwachia. "Kujeni mchukue, dada. Huyo ni mtoto wetu." Zote tisa! Zitatosha sakafu ya chumba na ile njia ya mteremko ya kupandisha kiti hadi veranda. Rampu, Mithika anaiita.

Lakini Kiirua ni mbali, ng'ambo ya Meru, na kila plaiwudi ni futi nane kwa nne. Nikasema tutafute lori.

"Lori ya nini," Nthiga akasema, "na tuko na gari?"

Gari! Nyumba yake ya konokono.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Niandike ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Hiyo gari nimeichukia.

Nthiga alipostaafu udereva alinunua Hiace kuukuu. Mwaka mzima alikuwa ndani yake na nyundo. Akaifunga kitanda, kabati, sinki, hadi pazia. Eti tutatembea sisi wawili, tulale Marsabit, tuamkie huko. Tulilala mara moja tu, Isiolo, nikaamka mgongo umekataa. Watoto wa hapa sokoni ndio waliipa hilo jina la konokono. Kisha Igoki akaumia, na gari ikakaa chini ya mabati. Mara mbili nimemwambia auze. Mara mbili ametoka nje bila kujibu.

Leo nimeingia na tepu yangu ya kushonea, ile ninayopimia uniform za watoto. Kati ya kitanda na kabati: futi moja na nusu. Kabati limeziba kushoto, kitanda kimeziba kulia. Nikamwambia haziingii.

"Zitaingia."

"Tepu haidanganyi, Baba Igoki."

Akaikunja tepu yangu, akanirudishia. Halafu akasema basi zitapanda juu, na akaenda kutafuta kamba. Sikupenda hiyo sauti yake. Ni ya mtu ambaye hashindani na mimi, anashindana na kitu kingine.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Niandike pole pole.

Hakuna aliyeumia. Niandike tena: hakuna aliyeumia.

Tulifika Kiirua saa nne. Mithika alitazama juu ya gari, akatazama kamba, akatikisa kichwa. Alisema plaiwudi ikipata upepo chini yake inakuwa bawa, na Kiirua mwezi wa nane si mahali pa kuchezea upepo. Nthiga akasema ameendesha malori miaka thelathini na mbili. Basi tukapandisha nne kwanza, zingine tuzirudie siku nyingine. Kamba mbili, mbele na nyuma. Najilaumu kwa hili — niliona kamba ya mbele imelegea kama bendera nikanyamaza, kwa sababu tulikuwa tumeshagombana Jumatano na nilikuwa nimechoka kuwa ndiye anayesema hapana.

Hatukumaliza kilomita tatu. Zilianza kuimba. Mvumo tu, kama nyuki kwenye mzinga. Nikasema simama. Akasema ni upepo. Nikasema simama! Akaanza kukanyaga breki — na hapo ikasikika paa! Kivuli kikapita juu ya kioo.

Niliiona ikiruka. Kitu kizito hivyo, kinapeperuka kama gazeti! Ikageuka mara mbili hewani ikashuka kwenye shamba la viazi, kona ikazama udongoni, ikasimama wima. Hatua tatu kutoka hapo kulikuwa na mama ameinama anapalilia.

Tatu. Nilizihesabu baadaye kwa miguu yangu mwenyewe.

Yule mama alinyooka. Akaitazama plaiwudi, akatutazama sisi tukikimbia. Akatuuliza kwa Kimeru kama tuko wazima. Tuliposema ndiyo, ndipo akakasirika! Alituambia yote tuliyostahili, na Nthiga akayasikiliza yote ameshika kofia mkononi. Akakaa chini, kati ya viazi vya watu.

Nilikaa karibu naye. Alisema, "Ningeua mama ya mtu nikimtengenezea mtoto wangu njia."

Nilimshika bega. Sijui mara ya mwisho kumshika bega ilikuwa lini.

Mume wa yule mama, anaitwa Kiunga, alikuja akatusaidia kuibeba hadi barabarani. Akazifunga upya kwa kamba zake, tukarudi kwa Mithika mwendo wa ng'ombe, yeye akitufuata na pikipiki mpaka getini. Mkewe, hasira ikiwa imemtoka, alinipa viazi ndani ya leso. Viazi! Baada ya yote hayo.

Mke wa Mithika ametupikia nyenyi, kile chakula chetu cha Kimeru. Nimekula sahani mbili. Njaa ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Asubuhi niliamka nikasikia chuma kinagonga. Nikatoka. Nthiga alikuwa ndani ya gari na bisibisi, amepiga magoti.

Mithika alitaka kumsaidia. Akakataa. Alisema, "Nilifunga mimi, nitafungua mimi."

Godoro likatoka. Kitanda kikatoka vipande vipande. Kabati. Sinki na bomba lake. Pazia alilifungua mwisho, akalikunja vizuri akanipa mimi. Nililishona mwenyewe, hilo pazia. Nilikuwa nimesahau. Nililishona nikiwa nimenuna, na bado mshono umenyooka.

Gari ikabaki tupu, inatoa mwangwi. Nthiga akanipa mkono. "Leta tepu."

Sakafuni, pale chuma kinapofunika magurudumu, upana ni futi nne kasoro inchi moja. Inchi moja tu! Hazilali. Lakini kutoka nyuma ya viti hadi mlango wa nyuma: futi nane na inchi tatu. Na kimo kinatosha. Kwa hivyo zinaingia zikisimama kwa ubavu, na mlango unafungwa. Nilipima mara tatu, Mithika akapima mara moja, tukakubaliana.

Mithika akaonyesha namna. Tano upande wa kushoto, nne kulia, gari isilale upande mmoja. Chini magunia, zisiteleze. Akapigilia ubao mwembamba sakafuni kila upande uzizuie kutambaa kuja katikati. Blanketi kwenye kona. Kamba si mbili — sita, na kila moja Nthiga aliivuta, akaitikisa, akaniambia na mimi niivute. Nilivuta zote.

Kitanda kimebaki kwenye stoo ya Mithika. Nthiga aliufunga mlango wa stoo polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Mwezi wa nne, nilipokuwa namwambia auze, ningefurahi.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Tumefika! Zote tisa!

Tuliondoka baada ya ibada ya kwanza. Kiirua, Meru mjini, Nkubu. Mwendo wa arubaini, hamsini. Gari za miraa zilitupita kama zinafukuzwa, moja ikatupigia honi mpaka nikaruka. Nthiga hakugeuka. Mimi nilikaa nimegeuza shingo, nazichunga plaiwudi kama kuku wa mtu. Hazikusonga.

Polisi walitusimamisha kabla ya Chogoria. Kijana mmoja akachungulia nyuma, akasoma yale maandishi Nthiga aliyoyachora ubavuni, "Safari Polepole", akauliza kama hii ni nyumba ama ni lori.

"Leo ni lori, afande."

Akataka kujua ni za nini. Nthiga akaanza kueleza, akafika kwenye jina la Igoki. Nikamalizia mimi. Yule kijana akazunguka, akavuta kamba moja, akasema zimefungwa vizuri. Akatuambia tushuke kwenye daraja la Nithi na gia ya pili.

Kushuka Nithi nilifumba macho. Hakuna mtu wa huku asiyeomba akifika hapo, kwa mabasi yaliyoanguka. Plaiwudi zililalamika kidogo kwenye kona, krrr, nikasikia Nthiga anazungumza nazo chini chini — "haya, haya, tulia" — kama anavyomwambia ng'ombe. Kisha barabara ikaanza kupanda, na nikagundua nilikuwa nimeshika goti lake, si mlango.

Chuka manyunyu yakaanza. Nikawaza: zingekuwa juu, zingekuwa zinakunywa maji saa hii. Zilikuwa ndani, kavu kama biskuti. Nikamwambia. Akacheka! Meno yote!

Jumanne, 12 Agosti 2025

Sakafu ya chumba imekwisha. Plaiwudi nne, Nthiga amezikata vizuri, amezipigilia juu ya vipande vya mbao. Nilivua viatu nikatembea kutoka pembe hadi pembe. Laini. Nimesukuma cherehani yangu yenye magurudumu humo, ikaenda yenyewe mpaka ukutani.

Rampu ndiyo ilileta maneno. Mithika alisema kwa simu: kila inchi moja ya kimo, futi moja ya urefu. Ngazi zetu ni inchi ishirini. Yaani futi ishirini! Nthiga akasema hiyo ni barabara, si rampu, itafika kwenye migomba. Akaweka plaiwudi moja tu, futi nane, akasema inatosha, atamsukuma yeye mwenyewe.

Nikamwambia sawa, tujaribu. Nikaingia kwenye wilbaro.

Alisita. Nikamwambia sukuma. Akasukuma. Tulifika nusu, akaanza kutoa jasho, viatu vikateleza, wilbaro ikarudi nyuma na sisi wote tukaenda kuangukia majani ya ng'ombe. Nililala pale naangalia mbingu. Yeye kando yangu. Tukaanza kucheka, hatukuweza kuacha, mpaka ng'ombe akatoa kichwa nje kutuangalia.

Baadaye akasema, akiwa bado chini, "Na siku ambayo sitakuwepo kumsukuma?"

Akaamka akachukua panga, akakata mgomba mmoja. Futi ishirini.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Rampu imesimama. Plaiwudi tano, mbili mbili pale uzito unakaa. Kingo pande zote, gurudumu lisitoke. Nthiga ameipaka rangi na kuimwagia mchanga ikiwa mbichi, magurudumu yashike. Amezuia kuku kwa matawi.

Nimebadilisha shuka za Igoki mara mbili. Zilikuwa safi mara ya kwanza.

Kesho.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Saa kumi kasorobo. Tuko nyumbani. Naandikia hapa veranda, daftari kwenye goti, kwa sababu Igoki amenikataza kumshika na hii mikono lazima nipate cha kuifanyisha.

Hospitali walichukua asubuhi yote na karatasi zao. Tulipomfikisha kwenye gari alichungulia ndani, akauliza kitanda cha Baba kiko wapi. Nthiga akasema kimelala Kiirua. Igoki akamtazama, akanitazama mimi. Njia nzima alikaa karibu na dirisha lililo wazi, anataja majina ya watu anaowaona barabarani.

Nthiga alimteremsha akamweka kitini, pale rampu inapoanzia. Akashika vishikio vya nyuma.

"Baba, toka."

"Mara ya kwanza tu —"

"Zii. Mtoke wote. Mum, wewe pia."

Ndiyo maana nimepanda hapa. Nthiga amekwenda kwenye gari eti kuna kitu amesahau. Anafungua mlango wa nyuma. Anaufunga. Anaufungua. Mle ndani hakuna kitu.

Igoki amesukuma mara ya kwanza. Nasikia mchanga chini ya magurudumu. Ya pili. Ya tatu. Mikono yake imekuwa myembamba, sikuwa nimeiona vizuri wodini, pale ina blanketi kila wakati. Amepita plaiwudi ya kwanza. Amesimama. Midomo anaiuma.

Kiti kimerudi nyuma! Kidogo. Nthiga ameruka —

"Niko sawa!"

Ameipiga hiyo kelele mpaka kuku wamekimbia. Sauti ile! Sauti ya saa kumi na mbili asubuhi, ya kuambia watu na mitungi yao wasiruke foleni. Sijaisikia tangu mwezi wa pili.

Nthiga amesimama katikati ya uwanja. Haendi mbele, harudi nyuma.

Igoki amefunga breki. Anapumua. Yuko nusu, labda chini ya nusu. Anafuta viganja kwenye sketi, kimoja, halafu kingine. Anaangalia juu. Haniangalii mimi, anaangalia mlango.

Amefungua breki.