Waya wa Upande wa Isaka

Kilole, Korogwe
Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na mvua ya Misima imeyafikia mahindi yako. Huku miili ni mizima. Mengine yangenishinda kwenye simu, ningelia tu, ndiyo maana naandika.

Kile chumba changu cha kurekodia kilikuwa na mvumo. Kwaya ikinyamaza, spika zinanguruma kama mashine ya kusaga ya mbali. Nilibadilisha maikrofoni, nikabadilisha nyaya, nikamlaumu hata mpiga gitaa wa watu. Mwishowe kina Agripina wa kwaya wakasema mvumo usipotoka watarekodi kwingine.

Nikamwita fundi Shukuru kutoka Mombo. Nilitaka akate ule mguu wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, kwenye plagi, kama vijana wanavyofanya, akakataa katakata, akasema huo ndio unaomkinga mtu asipigwe shoti. Akafuata nyaya mpaka kwenye tundu la ukuta wa katikati. Kumbe kompyuta ilikula umeme wa kwangu, na mikisa, chombo cha kuchanganyia sauti, ilikula wa kaka Isaka wa upande wa pili, kupitia waya ule ambao wewe ulituomba tusiukate nyumba ya marehemu baba ilipogawanywa. Mita mbili za umeme, ethi mbili, na umeme kidogo unazunguka kwenye waya wa sauti. Akaniambia nichomeke vyombo vyote kwenye soketi moja ya kwangu. Mvumo ukakatika palepale. Nilifurahi mno, mama.

Waya wa kaka nikauviringisha vizuri, nikauweka mlangoni kwake.

Unajua tangu mgawanyo hatusemezani. Lakini kila umeme wangu wa LUKU ulipoisha, taa iliendelea kuwaka kwa umeme wake kupitia waya ule, na hata tulipogombana vibaya hakuwahi kuuchomoa.

Kesho yake aliziba lile tundu kwa saruji. Wifi Loyce alikuja analia, akanieleza kwamba Isaka alikaa muda mrefu na ule waya mapajani, kisha akasema, "Justa amemaliza. Basi na mimi nimemaliza." Ameuza upande wake kwa mfanyabiashara mmoja. Wanahama Jumamosi.

Nilimwambia wifi kwamba siku ile niliporudisha waya nilidhani hakuna mtu ndani. Wewe siwezi kukudanganya. Nilimsikia kaka akikohoa. Nilikuwa nimeshainua mkono nigonge, nimweleze habari ya mvumo, nikaona aibu kuanza kuongea naye baada ya miaka yote hii. Nikauweka waya chini, nikaondoka.

Sasa nimegonga mara nyingi na hafungui. Wewe atakufungulia. Nakuomba uje kabla ya Jumamosi, hata kama goti linauma.

Msalimie mjomba Abraham na wote wanaoniulizia. Kina Agripina wamerekodi, na kazi imetoka safi. Wakinyamaza, hakisikiki chochote, wala kikohozi cha upande wa pili.

Ni mimi mwanao,
Justa