Jirani Mkubwa Analeta Ikoro Kwangu

Jumamosi jioni

...na haya yote ni mchezo tu wa kompyuta.

Devota, binti yangu mwalimu, yuko likizo hapa nyumbani, ndiye kanifundisha. Alinipa ufalme mdogo wa wilaya moja, ila askari wake wakali. Juzi nikampiga jirani mwenye wilaya tisa.

Devota akasema, "Mama, mnyang'anye ardhi yote."

Nikakataa. Wilaya tisa nizilinde na nani? Abaki na nchi yake, aniletee tu ikoro, ile kodi ya utii, kila mwaka, kama wazee wa hapa Ngara walivyompelekea mwami, mfalme wao.

Akaleta dhahabu. Nami nikamrudishia zawadi, maana sijazoea kurudisha kikapu cha mtu kikiwa kitupu.

Devota alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, wewe ndiye bwana wake. Mleta ikoro harudishiwi kitu."

"Na yeye ana watoto huko," nikamwambia.

Leo wakaja maadui kutoka kaskazini, wengi kama siafu. Niliogopa kweli. Nikajua huyu jirani sasa atanigeuka, anikanyage. Sikuweza kutazama, nikatoka kuanua maharage.

"Mama, njoo. Jirani yako anakuja na jeshi."

Nikajua basi, nimekwisha.

Kumbe anakuja upande wangu, na wilaya zake zote tisa. Wale maadui wamekimbizwa mpaka mtoni.

Devota akauliza taratibu, "Mama, ulimpelekea nini hasa? Kwenye mchezo wangu, waleta ikoro watatu wameasi."

Nikamwambia asogee, nikamwonyesha zawadi nilizokuwa nikimrudishia kwenye kikapu chake.