Paa Ulilolipigilia Mara Mbili

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu asubuhi ile ulipotutoka, na mimi bado nikisikia nyundo mtaani nageuza shingo.

Nilitaka nikuandikie maneno mapole tu, kama watu wanavyowaandikia watu wao. Lakini kuna neno linatembea, na siwezi kulipita. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya bomba, mama wa duka la kona yuko mbele yangu, hakujua niko nyuma. Akamwambia mwenzake, "Yule fundi seremala ubahili ndio uliomuua. Angekubali kutoa hela yake mapema akatibiwe, si leo angekuwa anapiga randa?" Mwenzake akaguna, "Mkono wa birika yule!" Wakacheka. Nikasema, "Habari zenu, majirani." Kicheko kikakatika hapo hapo, kila mmoja akaanza kuangalia ndoo yake.

Hao ni watu baki, ningewaachia Mungu. Lakini neno lilifika nyumbani kabla yangu. Binti yetu mkubwa, aliyekuja kunisalimu, alinipokea ndoo mlangoni, akaniuliza, "Mama, ni kweli? Baba alijinyima mpaka akafa?" Mtoto wako akishaanza kuuliza hivyo, lazima ajibiwe. Basi leo nasema na wewe katika tangazo hili la kumbukumbu, mbele ya wote watakaosoma, nami nitasema lililokuwa kweli, hata lile lisilokupamba.

Ulikuwa unabana matumizi, hilo nani asiyelijua? Sabuni ya mche uliikata kwa uzi vipande vidogo, kila mtu na chake. Majani ya chai uliyachemsha mara ya pili, tukanywa maji yenye rangi ya aibu, na wewe unasifu, "Chai hii ina heshima." Tukiwa na mazungumzo ulizima taa, eti maneno hayaonekani, ya nini kuyamulikia. Kitinda mimba wetu akakujibu gizani, "Baba, basi nifumbe na macho nisiyamalize?" Ulicheka wewe kuliko sisi wote.

Na hukuwa mchoyo. Vipande vya mbao vilivyobaki karakanani ulivigeuza vigoda, ukavipeleka shule ya watoto wadogo, hukumwambia mtu. Mlango wa mjane wa nyumba ya pili uliurekebisha ukakataa hata maji ya kunywa, ukisema una haraka. Haraka gani, na wewe ulikuwa unarudi kulala?

Sasa nije kwenye paa.

Mabati yetu yalipotoboka kwa kutu, ulikuwa umepewa kazi ya kubomoa ghala la zamani. Mwenye ghala alisema takataka zote ni zako. Ukaja na mabati ambayo bado yalikuwa mazima, na makopo ya misumari iliyopinda kama ndoana. Tukakaa nyuma ya karakana, wewe, mimi na kitinda mimba, tunainyoosha juu ya kipande cha chuma, mmoja anashika, mwingine anagonga.

Mdogo wako, dereva wa lori, akasimama kutuangalia. Akasema, "Kaka, kigoda sawa. Kitanda sawa. Lakini paa? Msumari ukishapinda umechoka, hautashika."

"Wateja nawawekea mipya," ukamjibu. "Hapa ni kwangu. Nitavumilia mwenyewe."

"Na upepo umeshaongea nao, umekubali kuvumilia?"

Tulicheka, nawe ukacheka, ukaendelea kugonga, na paa ukalipigilia kwa misumari ile ile. Ni kweli, sikuwahi kukuona ukimwekea mteja msumari wa zamani. Hapo ndipo lilipokuwa kosa lako, na lilikuwa kosa la mtu mwema. Ulijiona wewe ndiye nyumba. Kumbe chini ya yale mabati tulikuwamo sisi.

Mvua zilikuja binti yetu mkubwa akiwa ameletwa kwetu kutoka hospitali baada ya kujifungua. Alikuwa amepasuliwa, hata kugeuka kitandani alikuwa anauma meno. Mtoto alikuwa mchanga, hajaanza hata kutazama mtu usoni. Nilikuwa jikoni mchana ule upepo ulipoingia, haukubisha hodi. Nikasikia juu ya chumba chao mlio kama wa panya anayebanwa. Kisha mwingine. Nikajua ni misumari inang'oka.

Nilipoingia, bati la pembeni lilikuwa linanyanyuka na kurudi, linanyanyuka na kurudi, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Boriti lililolishika lilikuwa limeachia ukutani upande mmoja na linacheza. Msumari ulidondoka ukaangukia kwenye mto, karibu na sikio la mtoto. Binti yetu alimlalia mwanawe kwa kiwiko, akaniita, "Mama, siwezi kuinuka!" Nikamshika mabega, akapiga yowe, nikamwachia. Nikimchukua mtoto, mama yake nimwache chini ya boriti lile? Nikimng'ang'ania mama, mtoto je? Nilimwita Mungu kwa sauti, sina aibu kusema.

Ukaja wewe. Sijui uliwezaje kukimbia kutoka karakanani na ule upepo. Vumbi la mbao lilikuwa limegeuka uji usoni kwako. Uliangalia juu mara moja tu, na fundi akiangalia mara moja anajua. Ukapanda mezani, ukarukia boriti, ukaning'inia kwa mikono miwili ili ulivute lisiondoke na bati.

"Toa mtoto!" ukaniambia. "Usiniangalie mimi, toa mtoto!"

Nikamtoa mtoto, nikamkabidhi kitinda mimba kule jikoni, nikarudi mbio. Boriti lilikuwa linapanda na wewe, miguu inakanyaga hewa. Ncha ya bati ilikuwa inakukata viganja, damu inatiririka mpaka kwapani, na huachii. Hapo mdogo wako akaingia analia na kutukana upepo, akakukumbatia miguuni ili kuongeza uzito. Hata katika hofu ile hakuacha mdomo wake: "Kaka, una uzito wa kuku! Mimi nimekwambia ule ushibe!"

"Nyamaza uvute!" ukamjibu.

Nilimkumbatia binti yetu na shuka lake na maumivu yake, nikamburuta, sijui nguvu ilitoka wapi; la, najua, ilitoka kwa Mungu. Tulipovuka mlango nilipiga kelele, "Tayari!" Mkaachia. Bati liliondoka kwa kishindo na mawili mengine nyuma yake, boriti likaangukia kitanda pale pale kwenye mto. Tulisimama jikoni sote tumelowa. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa analia, na kilio kile kilikuwa kitamu kuliko wimbo.

Mvua ilipokatika ulitoka nje na viganja vimefungwa vitambaa, ukaanza kuokota misumari kwenye matope, mmoja mmoja. Mdogo wako akanong'ona, "Shemeji, usiniambie anakwenda kuinyoosha tena." Nami nilikuwa nakutazama nikiogopa jambo hilo hilo. Ulijaza kopo, ukalipeleka mwenyewe kwa mnunua vyuma chakavu. Kesho yake baiskeli yako haikuwepo ukutani. Ukarudi kwa miguu umebeba misumari mipya na boriti jipya, ukapanda na viganja vile vya vidonda ukalipigilia paa lote upya, hata upande ambao haukuguswa. Nilikuambia pumzika kwanza. Ukasema, "Nitapumzika nikiwa nimewafunika."

Binti yetu hakulala chumba kile mpaka ulipokwenda wewe kulala humo kwanza, peke yako, na mvua inanyesha.

Tangu hapo hukuacha kubana. Chai ya mara ya pili ilirudi mezani wiki ile ile. Shati lako la kazini lilikuwa na viraka mpaka kiraka chenyewe kikawa na kiraka. Lakini kila kitu kilipochakaa ulikishika mkononi ukauliza kwanza: "Hiki kikivunjika, kinamwangukia nani?" Kama ni wewe peke yako, unakishona, unakigundisha, maisha yanaendelea. Kama kuna mtu mwingine chini yake, unanunua kipya, na hulalamiki. Ngazi ya karakana, ambayo kijana wa kazi alikuwa anaipanda, uliivunja kwa mikono yako ukatengeneza nyingine. Kigoda chako wewe, mguu wa nne ulishavunjika, kilibaki na miguu mitatu mpaka mwisho.

Basi kifua kilipoanza kukuuma, niliogopa kuliko siku ya upepo. Nilikuwa nakutazama ukishika ubavu ukidhani sioni. Nikasema moyoni, sasa huyu atakiweka kifua chake kwenye kundi la shati na kigoda. Niliomba. Nilipanga maneno ya kukugombeza asubuhi.

Hukuniachia nafasi ya kuyasema. Niliamka nikakukuta umeshavaa shati zuri, unafunga viatu. Nikauliza, "Msiba wa nani?"

Ukasema, "Twende hospitali, mama watoto. Nikivunjika mimi, nawaangukia ninyi."

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza kuniambia kwamba unaumwa, na ndiyo siku tuliyokwenda. Binti yangu, soma hapa vizuri. Baba yako hakusubiri azidiwe. Kipimo walichotaka alipimwa. Vidonge alivimeza vyote kama alivyoandikiwa, hakukata hata kimoja nusu, na mimi nilikuwa nakaa macho kwa jambo hilo. Alipolazwa, daktari alisimama miguuni pa kitanda akaanza kueleza kwa kuzunguka kwamba kuna dawa hii ya kawaida, na kuna nyingine ambayo ni ghali zaidi. Mume wangu, ulijiinua kwa kiwiko. Wewe, uliyekata sabuni kwa uzi! Ukamwambia, "Daktari, usinibanie. Mimi nina watu."

Daktari hakukubania. Mungu alikuwa na hesabu yake nyingine, na hiyo siibishii, ingawa naililia.

Hilo ndilo jibu. Nimelisema kwa binti yetu ana kwa ana, na leo nimeliandika ili mama wa duka la kona naye alisome. Akitaka kuniuliza zaidi, ajue kwamba bombani nachota kila asubuhi.

Unakumbukwa na mimi mkeo; binti yako mkubwa na mume wake; mwanao kitinda mimba, anayetumia randa yako; mdogo wako dereva, ambaye hadi leo akila kwetu anasema anakula na fungu lako; mjukuu wako aliyetoka chini ya bati; wakwe zako, majirani wema, na mafundi wenzako wote.

Mungu akupe nyumba isiyojua upepo. Sisi, maadamu tunapumua, hutatutoka moyoni.